Nipe Talaka, Kaka

Kwa mujibu wa karatasi za serikali, mimi nimezaliwa na shangazi yangu. Mama yangu mzazi, aliyenibeba miezi tisa na ambaye mpaka leo hajaacha kunikumbusha uchungu alioupata, ameandikwa kuwa mpangaji wa chumba cha uani. Mume wa shangazi ni baba yangu. Nayasema haya mapema ili huko mbele msije mkadhani nimechanganyikiwa. Waliochanganyikiwa ni walioandika, na aliyewachanganya ni baba.

Baba ni fundi viatu. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa posta, mbao nne na bati moja, na ndani mna mguu wa chuma anaouvalisha kiatu akitaka kugonga soli, kopo la gundi, vipande vya msasa, na sindano yake nene yenye uzi uliopakwa nta. Ni mtu mfupi, mtaratibu, huzungumza na kiatu kuliko anavyozungumza na mwenye kiatu. Hukigeuza, hukitazama kisigino, huguna. Ukimwachia kiatu akakwambia Alhamisi, basi ni Alhamisi, na mtaa mzima unalijua hilo. Ninavyomfahamu, baba amesema uongo mmoja tu maishani mwake. Tatizo ni kwamba huo mmoja alichagua mkubwa.

Aliusema miaka ishirini na sita iliyopita, kwenye kivuko cha mpaka. Vita vilikuwa vimefika kwao, wazazi wao walikuwa wameshafariki, na yeye na dada yake walitembea siku tisa wakiwa na sufuria moja na blanketi moja. Yeye alikuwa na miaka ishirini na moja, shangazi kumi na sita. Upande wa pili wa daraja palikuwa na meza, karani, na foleni iliyokuwa ikigawanywa. Wenye familia walibaki kwenye mahema ya hapohapo. Vijana wa kiume wasio na wake walipelekwa kambi nyingine, mbali. Watoto wasio na wazazi walikwenda kwenye makao ya watoto, mbali upande mwingine. Zamu yao ilipofika, karani akauliza bila kuinua macho: "Huyu ni nani wako?"

"Mke wangu," baba akajibu.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Karani akawatazama. Shangazi ni mrefu, mweupe kidogo, mwenye shingo ndefu, na baba mnamjua alivyo. Hawafanani hata kucha. Wahenga wamesema undugu ni kufaana si kufanana, na siku ile huko kutofanana ndiko kulikofaa. Karani akaandika, akagonga muhuri, wakapewa hema.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala, mkabala na ofisi ya uhamiaji, kwa hiyo nikisema karatasi huzaa nasema kitu ninachokiona kila siku. Ile ya mpakani ilizaa kadi ya chakula, kadi ya chakula ikazaa kadi ya matibabu, ya matibabu ikazaa kibali cha kuishi mjini, na kila mtoto alifanana na mama yake. Hakuna karani aliyeuliza upya. Aliangalia iliyotangulia, akanakili. Kila mwaka baba alisema ataenda kurekebisha, na kila mwaka aliambiwa na wenzake kwamba aliyedanganya mpakani hufutiwa kibali. Akanyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, tunafundishwa, lakini hii ya baba ilikwenda tu, na sisi wote tukiwa juu yake.

Mama alimkuta baba mjini. Mama ni mwenyeji, alikuwa akiuza mkaa karibu na posta, na alimpenda baba kwa sababu, anavyosema mwenyewe, alikuwa mwanamume pekee aliyemtazama miguuni kwanza. Walifunga ndoa nyumbani mbele ya wazee, bila karatasi, maana kwa karatasi baba alikuwa na mke tayari. Siku mimi nilipotaka kuzaliwa, mama hakuwa na kadi ya matibabu ya bure. Akaenda kujifungua kwa kadi ya wifi yake. Ndiyo maana nikazaliwa na shangazi.

Mtu angetegemea mawifi hao wawili wachukiane. Thubutu! Mama alimwita shangazi "mke mwenzangu," na shangazi alimwita mama "mpangaji," na walicheka mpaka wakashika mbavu. Mara moja kwa mwaka alikuja mkaguzi kuhakikisha kama kweli wenye kibali wanaishi pamoja. Asubuhi yake nguo za shangazi zilihamia chumba cha baba, za mama zilihamia uani, na mimi nilipewa biskuti mbili ili nimwite shangazi "mama" mpaka mgeni aondoke. Mama alikaa kwenye kigoda akichambua mchele kama mtu asiyehusika. Mwaka mmoja mkaguzi alimwuliza kama anasumbuliwa na wenye nyumba. "Mke hana neno," mama akajibu, "ila huyo mume anakoroma mpaka nasikia mimi huku uani." Baba aliniambia jasho lilimtoka mpaka kwenye soli za viatu.

Majirani nao walikuwa na hesabu yao. Kwao Fundi alikuwa na wake wawili nyumba moja, na hawajawahi kusikia hata sufuria ikirushwa. Wanaume wenye matatizo yao walikuja kibandani wakijifanya wameleta kiatu, kisha wakauliza kwa sauti ya chini: "Fundi, unawezaje?" Baba aliguna tu. Wakaondoka wakiamini wamepata hekima.

Shangazi mwenyewe hakuwahi kuolewa. Kazi yake ni pasi. Huchukua nguo za watu wa maofisini, huzinyoosha kwenye meza ndefu barazani, na kola zake unaweza kukata nazo mkate. Waliokuja kumposa wakiwa hawajui walirudishwa kwa upole, na waliodhani wanajua hawakuja. Alipofika arobaini aliacha kulizungumzia jambo hilo. Mimi nilidhani hajali. Nilikuwa mjinga, kwa sababu kutojali na kukata tamaa huonekana sawasawa kwa mtu mwenye haraka.

Halafu akaja Mwokaji.

Alikuwa mjane, mtu wa kule kule walikotoka, na alikuwa na miaka mingi katika nchi nyingine ya mbali akioka mikate kiwandani. Alikuja mjini kwetu kumuuguza mama yake. Mwokaji husimama kutwa, kwa hiyo viatu vyake viliisha upande wa ndani, akavileta kwa baba. Shangazi alikuwa ameleta chakula cha mchana. Wakasalimiana kwa lafudhi ya kwao, wakaulizana milima na mito, na kiatu kikatengenezwa. Siku ya tatu kikarudi. Wiki iliyofuata kikarudi tena, na safari hiyo mama ndiye aliyekuwepo. Akakichukua, akakigeuza.

"Fundi," akasema, "hiki kiatu hakiumwi. Anayeumwa ni mwenyewe."

Mwokaji akacheka mpaka akalazimika kukaa. Jioni ileile alikuja nyumbani akaeleza shida yake kama mtu mzima. Baba alimweleza ukweli wote, maana huwezi kumficha mtu anayetaka kumwoa dada yako kwamba dada yako ni mke wako. Mwokaji alisikiliza, akafikiri, akasema, "Shemeji, mimi nimeishi ugenini. Nimesikia makubwa kuliko hayo." Nikampenda hapohapo.

Shangazi na Mwokaji walikwenda uhamiaji kuandikisha ndoa, dirisha la nne, kwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba ambaye mimi humtolea nakala kila siku. Akabonyeza kompyuta yake, akamtazama shangazi kwa huruma. "Mama, wewe una mume."

Akawapa njia ya mkato, na kwa nia njema kabisa. Kuna fomu ya talaka, wanandoa wakikubaliana wanajaza hapohapo, siku thelathini zinapita, mambo yamekwisha. Mwokaji alikuwa amebakiwa na miezi miwili kabla ya kurudi kazini. Muda ulitosha.

Nilitoa nakala ya ile fomu, na nikatoa pia ya masharti ya kule Mwokaji anakoishi, kwa sababu kazi yangu imenifundisha kusoma yale maandishi madogo ya chini. Ukihamia kule unaruhusiwa kualika ndugu wakutembelee, na unaruhusiwa kusafiri kuja kuwaona, lakini lazima wawe wameandikwa siku unapoingia: mzazi, mtoto, ndugu wa damu. Mume uliyeachana naye hayumo. Na ambaye hakuandikwa siku ya kwanza haandikwi tena. Nikawasomea Jumapili mchana, tumekaa sote sebuleni, mlango wazi.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Baba akitoa talaka, shangazi anaolewa na kuondoka salama, lakini kwa karatasi wanakuwa watu baki, na mpaka unafungwa kati yao maisha. Baba akisema ukweli, wanaweza kubaki ndugu, lakini yeye ni mtu aliyedanganya mpakani, na kibali chake kinaweza kufutwa. Hakukuwa na njia ya tatu. Mama aliitafuta kwa sauti kubwa karibu saa nzima, akaikosa.

Shangazi akajisogeza, akakaa chini karibu na miguu ya baba. "Kaka," akasema, "nipe talaka."

Mama akaangua kicheko, halafu akanyamaza katikati.

"Siwezi kumwacha mtu ambaye sikumwoa," baba akasema.

"Ulinioa mbele ya karani. Muhuri uligongwa."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Ukienda kusema ukweli wakakurudisha kule, mimi nitakaa na mume wangu kwa raha gani? Nitakula mkate wake vipi? Nipe talaka, nitakupigia simu kila siku. Simu haina mpaka."

Baba akainuka. Akaenda kibandani ingawa ilikuwa Jumapili, na tukasikia mpaka jioni kwamba Fundi anagonga. Siku nne hakusema zaidi ya salamu. Mimi nilimkasirikia, lazima niseme. Nilidhani ni kiburi cha mwanamume asiyetaka kushindwa na fomu. Nilimwambia, "Baba, mwache dada yako apate maisha yake," na akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka naona aibu. Siku ya tano akamwambia shangazi, "Haya. Twende."

Tulikwenda wote wanne. Nilifunga duka. Shangazi alikuwa amempigia baba pasi shati jeupe, na mama alikuwa amevaa viatu vya kufungia safari, ingawa ofisi ni mwendo wa dakika kumi. Mama wa miwani akatukaribisha, akatoa fomu, akampa baba kalamu. Baba anaandika polepole, herufi moja moja, kwa mkono uliozoea kitu kizito zaidi. Jina. Tarehe. Mahali pa ndoa. Hapo aliandika "mpakani," mama wa miwani akasema inatosha.

Kisha kalamu ikasimama. Nikachungulia. Swali la saba: Je, kuna undugu wa damu kati yenu? Ndiyo. Hapana. Weka alama.

"Mama," baba akauliza, "hili nalo ni lazima?"

"Ni la utaratibu tu, mzee. Wote huweka hapana."

Baba akaitazama ile karatasi kwa muda. Watu wa nyuma yetu wakaanza kukohoa. Shangazi akamgusa kiwiko, akanong'ona, "Weka tu, tumalize." Baba akaweka alama. Aliiweka kwenye ndiyo.

Mama wa miwani alidhani amekosea, akataka kumpa fomu nyingine. "Sikukosea," baba akasema. "Huyu ni dada yangu. Tumbo moja, ziwa moja. Nilidanganya pale mpakani."

"Kaka, nyamaza!" Shangazi akampiga mgongoni kwa ngumi, mara mbili, machozi yanamtoka. "Nyamaza, kaka, nyamaza!" Foleni nzima ilisikia, na baada ya hapo hata angetaka kukanusha asingeweza.

Mama wa miwani akashusha pazia la dirisha nusu, akatuingiza ndani, akatutafutia viti. Hakuwa na hasira. Alimwambia baba kwa upole kwamba bado hajaandika kitu, kwamba anaweza kuichana ile fomu, na kwamba likishaandikwa halifutiki. Baba akasema anaelewa. Akaomba iandikwe kwamba dada alikuwa mtoto wa miaka kumi na sita na hakufungua mdomo, aliyesema ni yeye peke yake.

"Na sababu?" mama wa miwani akauliza. "Lazima niandike sababu. Wengi walisema uongo ili wapate chakula zaidi. Wewe?"

Hapo ndipo baba alipotusimulia jambo ambalo hata shangazi hakulijua, maana siku ile, kabla zamu yao haijafika, yeye alikuwa amechuchumaa nyuma ya foleni akitapika kwa uchovu. Mbele ya baba walikuwepo kaka na dada wengine, umri wao huohuo. Walisema ukweli. Kaka akaoneshwa lori, dada akaoneshwa njia ya kwenye makao ya watoto. Wakaachana hapohapo kama watu wanaokwenda sokoni. "Yule binti hakulia," baba akasema. "Alimwuliza karani, lori litarudi saa ngapi. Karani akamwambia litarudi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nilimwona karani usoni. Halikuwa la kurudi. Halafu akaniuliza mimi, huyu ni nani wako."

Mama wa miwani alivua miwani yake.

"Wakati ule nilidanganya ili asichukuliwe," baba akasema. "Leo mnataka nidanganye ndipo achukuliwe. Basi andika ukweli."

Akaandika. Mimi ndiye niliyetoa nakala, tatu, na karatasi ya kwanza niliiweka vibaya ikatoka upande.

Majibu yalichukua wiki sita, na kwa wiki sita hizo mama alikonda na baba alishona viatu vya watu wote wa mtaani, hata visivyopasuka. Barua ilipofika niliisoma mimi. Ndoa ya mpakani imefutwa kana kwamba haikuwepo. Shangazi ni huru, na ameandikwa dada. Baba hakufukuzwa, kwa kuzingatia sababu alizozieleza, lakini kibali chake cha miaka mitano kimekuwa cha miezi sita sita, lazima aripoti kila mwezi, na haruhusiwi kuvuka mpaka wowote kwa miaka kumi. Kumi! Mama aliutukana ukoo mzima wa aliyetia sahihi. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama na yeye sasa ataandikwa mke, na mimi mwanawe. Nikamwambia inawezekana, fomu ninayo. Akaenda uani akakaa peke yake kidogo.

Shangazi aliolewa Jumamosi, akaondoka Jumatatu asubuhi. Orodha yake ya ndugu wa damu ilikuwa na mtu mmoja. Kwa kuwa baba haruhusiwi kuvuka, ni shangazi atakayekuwa anakuja, na kwa karatasi ile ana haki ya kuja. Stendi waliagana kwa kushikana mikono tu. Shangazi akaanza kumwagiza kuhusu dawa za mgongo, baba akamwambia basi linaondoka. Likaondoka kweli.

Baba hakurudi nyumbani. Alikwenda kibandani, na mimi nikamfuata kwa kuwa sikutaka abaki peke yake. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yetu, lakini kwa njia ya majirani. Wa kwanza kuja alikuwa kinyozi wa jirani. Alivua kofia, akasimama kwa heshima kama mtu wa msibani.

"Pole, Fundi," akasema. "Tumesikia. Mke mkubwa ameondoka na muuza mikate."

Nilitaka kucheka, lakini nilipomwona baba nikajizuia. Alikuwa ameweka sindano chini.

"Si mke wangu," akasema. "Ni dada yangu."

Kinyozi akanitazama mimi, kwa siri, kama anayeuliza lini baba yangu ameanza kupotewa na akili. Nikaitikia kwa kichwa kumkubalia baba. Kinyozi akasema pole tena, ya aina nyingine, akarudi kwake kinyumenyume.

Baada yake alikuja mwalimu kuchukua kandambili za mwanawe. Hakuuliza kitu wala hakujua kitu, alikuwa na haraka ya kwenda shule. Baba akamfungia zile kandambili kwenye gazeti, akazishikilia kidogo kabla ya kumpa.

"Dada yangu amesafiri leo," akamwambia.

"Kumbe una dada, Fundi? Miaka yote hii?"

"Ninaye," baba akasema, na machozi yakaanza kumtoka hapohapo mbele ya mteja. "Ninaye mmoja. Tulikuja naye."